Jina Alilopewa Vaike

Bibi yangu Vaike alikuwa akiuchana kwa reki mchanga wa kaburi la mama yake, nami nimesimama pembeni na binti yangu mchanga kifuani. Kwetu Võru, kusini mwa Estonia, kaburi lenye alama za nyayo ni aibu ya ukoo mzima. Unachana huku ukirudi kinyumenyume, mpaka isionekane kwamba kuna mtu alipita.

Zilibaki siku mbili tu za kuandikisha jina la mtoto, nami nilikwisha kuamua: Vaike, kama bibi. Ni jina la ukimya, na sisi Waestonia hatuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ila tangu nimwambie, bibi hakuwa amembeba mtoto hata mara moja. Iliniuma, na mimi si mtu wa kumeza donge.

"Bibi, jina lako lina ubaya gani? Watu wote wanasema uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa hulii."

"Wanasema! Na wewe, Kärt, ukubwa wote huo unaamini kuna kichanga asiyelia?"

Akaiegemea reki.

"Nilikuwa na wiki tatu malori ya Wasovieti yalipokuja kubeba watu, kuwapeleka Siberia. Mama akajificha nami kwenye nyasi kavu, darini juu ya zizi. Akanifungia mkate na mbegu za mpopi kitambaani, ninyonye nilale. Nikaamka. Askari wako chini yetu. Akaniziba mdomo na pua kwa kiganja, mpaka nikageuka rangi."

"Bibi, hukuwahi kuniambia."

"Alikuwa amepanga kuniita Heli. Yaani sauti. Malori yalipoondoka akaniita Vaike. Hata nilipokuwa mtu mzima, kila aliponiita mezani nilisikia, 'nyamaza.' Nilimpenda mama. Jina hilo sikulipenda hata siku moja, na wewe unataka kumbandika huyo."

Hapo hapo mtoto akaamka, akaangua kilio cha njaa, na watu waliokuwa kwenye makaburi ya jirani wakageuka. Nikaona haya. Mkono wangu ukakimbilia mfukoni kutafuta chuchu ya bandia, bibi akaudaka.

"Mwache. Nipe mimi."

Akampokea kwa mara ya kwanza. Kisha akaukanyaga mchanga alioutengeneza asubuhi nzima, viatu vikizama, mpaka kwenye msalaba. Akainama, mtoto akipiga kelele sikioni mwake.

"Mama, huyu ndiye Heli. Usiogope, mwache alie. Malori yalishaondoka."

Nililia pale pale nilipokuwa nimesimama. Walipotoka, niliokota reki nifute nyayo, kwa mazoea tu.

"Wewe nawe!" bibi akafoka. "Hebu weka reki chini. Waone kwamba tulipita."