Mshale Niliosema Umepita Juu

Mimi ni fundi baiskeli, na mdomo wangu hauna breki. Marehemu mama aliniambia, dada yangu ananiambia, na wenzangu wa kuwinda wananiambia kila Jumamosi. Kwa hiyo nikisema kuna jambo linanitia haya mpaka sasa, mjue si dogo.

Sisi wawindaji ni sita. Nguruwe pori wakianza kufukua viazi na mihogo ya watu, tunaitwa twende na pinde, maana bunduki haziruhusiwi karibu na nyumba. Anayetuongoza ni mwalimu wa michezo aliyestaafu, mama mfupi asiyecheka ovyo, naye ana sheria moja asiyotaka mzaha nayo: ukimjeruhi nguruwe akatoroka, unasema hapo hapo. Unasema umempiga wapi. Tunawaonya wenye mashamba yote ya jirani, tunasubiri kidogo, kisha tunafuata damu mpaka apatikane. Nguruwe aliyepigwa tumboni hafi upesi. Anatafuta kivuli na maji, anajilaza hapo na maumivu yake, na yeyote atakayepita ni adui.

Ukikosa kabisa, hakuna neno. Kila mtu hukosa.

Mwaka jana nilimpiga mmoja tumboni. Nikasema, kama sheria inavyotaka. Tulimfuata siku nzima na jua linatuchoma, na tangu siku ile jina langu likawa Utumbo. Mpaka wateja: "Utumbo, hebu nitie upepo gurudumu la nyuma." Utani haumuui mtu, najua, lakini mimi damu yangu ni moto, na kila nikiitwa hivyo nilikaza nati mpaka inalia.

Jumamosi ile tulikuwa shambani kwa shemeji, mume wa dada yangu. Wiki nzima nilikuwa nimewapigia domo: nyinyi kunyweni chai tu, nguruwe niachieni mimi. Asubuhi madume wawili walitoka upande wa matete. Wa kwanza alipita kwa kinyozi, mwanachama wetu mpya, mtu mpole mwenye duka la viti viwili karibu na kibanda changu. Alifyatua, mshale ukapotelea mateteni. Wa pili alinipita mimi, hatua kumi na tano tu. Nikavuta kwa pupa, mguu haujatulia. Nilisikia mshale ukiingia. Sauti ile huwezi kuifananisha na nyingine. Dume akaguna, akazama kwenye matete.

Mshale ulikuwa umetokeza upande wa pili. Niliukuta kwenye majani, nikaunusa. Kinyesi. Tumbo tena.

Nikaufuta kwenye nyasi, mara mbili, nikaurudisha kwenye podo pamoja na mingine. Mwalimu akafika akihema. "Vipi?"

"Umepita juu," nikasema.

Akamgeukia kinyozi. "Na wewe?"

"Nimekosa, Mwalimu. Hata mshale wenyewe siuoni."

Basi, tukarudi nyumbani kabla ya saa nne. Njiani nilijiambia atakufa huko huko, nani atajua.

Jumapili shemeji akaingia mateteni kukata fito za kusimamishia nyanya zake. Dume alimpasua paja kutoka gotini hadi karibu na nyonga. Alitambaa mpaka njiani, na waliomwokota wanasema alikuwa akimwita dada yangu kwa jina la utotoni. Tulipoitwa, mimi ndiye niliyetangulia kuingia, na safari hii mshale wangu ulikwenda ulipotakiwa. Watu wakanipiga mgongoni, shujaa, shujaa. Mwalimu akamgeuza yule mnyama kwa mguu, akaona tundu la jana tumboni, limevimba na kuoza.

"Yupo mtu alimpiga akanyamaza," akasema.

Macho yote yakamwendea kinyozi. Mimi ni mkongwe, yeye ni wa juzi, na mshale wake haukuonekana. Akaapa kwamba alikosa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kutomwamini. Nami nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Kufikia Jumanne viti vyake vilikuwa vitupu. Kutoka kibandani kwangu nilimwona akifagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, anamaliza, anaanza upya. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Kila asubuhi akatokea mteja mwenye pancha.

Alhamisi nilikwenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa. Daktari alikuwa amekwisha sema mguu utabaki, ila goti halitakunjika tena. Dada alikuwa akimnywesha shemeji uji, mimi nimekaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo. Kinyozi akaingia, Mwalimu nyuma yake. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Kaka," akamwambia shemeji, "nimefikiri siku nne. Nilidhani nimekosa, wallahi. Lakini mshale sikuupata. Labda ulimgusa nisijue. Watu wote hawawezi kukosea, nikawa sahihi mimi peke yangu. Nisamehe."

Shemeji akamwambia ainuke, ajali haina kinga. Dada hakuwa na moyo huo. "Yeye amekusamehe, mimi bado. Bila kaka yangu huyu, mnyama yule angeua na mwingine." Akaniwekea mkono begani.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe naye. Usimbebee mtu mzigo wake."

Shemeji akatabasamu. Hakuna aliyeniamini, na sitawaficha, nilitamani niishie hapo. Ningetoka mle ndani na sifa mbili, ya ushujaa na ya huruma.

"Mshale wangu ulinuka kinyesi," nikasema. "Niliuokota, nikaufuta kwenye nyasi. Ndipo nikamwambia Mwalimu umepita juu."

Mwalimu akafumba macho. Mkono wa dada ukaondoka begani mwangu taratibu. Shemeji alitazama mguu wake chini ya shuka, kisha akanitazama mimi.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuchekwa."

Hakuna aliyecheka. Dada alirudi kukoroga uji uliokuwa umeshapoa.

Kinyozi akasimama, suruali imelowa magotini. Ningefurahi anizabe kofi, hata mawili, lakini alisema polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha tu.

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho nilipoingia. Ukanitazama nikipiga magoti."

"Ndiyo," nikasema. "Mpaka ulipomaliza."