Ala ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani

Bastola Wynelle Hargis alikuwa nayo, kibali alikuwa nacho, na kulenga shabaha alijua kuliko kaka yake. Alichokosa ni ala, ule mfuko wa kuichomekea kiunoni chini ya koti la kanisani, na Jumapili ilikuwa inakuja mbio. Tena si Jumapili ya hivi hivi. Ilikuwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo kila aliyewahi kubatizwa kwenye kanisa la Shady Fork hurudi, hata waliohamia Dallas. Watu huimba mpaka sauti zikauke, kisha hula kuku wa kukaanga na saladi ya viazi kwenye meza zilizopangwa nje, kando ya makaburi. Na mwaka huu Royce Tidwell alikuwa ametangaza kwamba naye anarudi.

Royce alikuwa mumewe. Mbele za watu alikuwa na kawaida ya kumshika kiunoni, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, watu wakasema ona wanavyopendana, kumbe vidole vinamfinya ili anyamaze. Mwisho akamvunja taya, akafungwa. Sasa ametoka, eti ameokoka. Amri ya mahakama ya kumkataza asimsogelee Wynelle ilikuwa imekwisha muda wake, basi kila siku alikuwa akiegesha gari mbele ya duka lake la kufulia nguo, anakaa ndani ya gari anatafuna mbegu za alizeti na kumtazama. Polisi wa kaunti alisema kuegesha gari si kosa.

Hayo yote Wynelle aliyavumilia. Kilichomchemsha damu ni watu wa kanisa, wale wale waliomletea supu taya lilipofungwa waya, walipoanza kumwambia kwa sauti laini kwamba labda Jumapili hii apumzike nyumbani, kuepusha shari. Apumzike nyumbani? Benchi la tatu kushoto lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Yaani aliyevunja taya aimbe, aliyevunjwa ajifungie ndani? Thubutu.

Kwenda na bastola kanisani si ajabu pale Shady Fork. Mchungaji Coy mwenyewe anayo, na mweka hazina anazo mbili. Shida ni kukumbatiana. Watu wa kule hawajui salamu ya mkono. Ni kukumbatiana mlangoni, kukumbatiana kati ya benchi, na akina mama wana mikono ya kupapasa hadi uhesabiwe mbavu. Bastola yako ikigundulika utataniwa mpaka Krismasi.

Alianza na kosa wanaloanza nalo wote kule: alinunua ala ya kitambaa kwenye mnada wa Jumamosi, dola kumi na mbili, imeandikwa inatosha bastola zote. Aliijaribu jikoni, bastola ikiwa tupu, mbele ya wifi yake Ardith, mke wa kaka yake. Akaichomoa haraka. Bastola ikatoka, na ala nayo ikatoka, imeivaa bastola kama soksi.

"Wifi," Ardith alisema, "umelitishia friji kwa soksi."

"Cheka tu."

"Nacheka, ndiyo. Royce naye angecheka."

Wynelle akaivua ala ile, akaitupa mezani. Ardith akaacha kucheka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na boksi la viatu. Kila nyumba ya kule yenye bastola ina boksi kama hilo: limejaa ala zilizonunuliwa kwa tamaa ya bei zikashindikana, wala hakuna mwenye moyo wa kuzitupa. Ya huyu inachubua, ya yule inaning'inia, nyingine klipu yake haishiki mkanda. Wakazimwaga mezani, wakazichambua. Moja ya plastiki ngumu ilimvutia Wynelle, lakini ilikuwa ya bastola ya aina nyingine. Alipoitumbukiza yake, ikacheza, na kifyatulio kikachungulia pembeni.

"Rudisha hiyo," Ardith alisema. "Shati likijisokota humo, utajipiga mwenyewe nyonga na Royce atakuja kukuombea hospitali. Unataka ngumu, iliyofinyangwa kwa bastola yako na si ya jirani, ifunike kifyatulio chote, na ikae kiunoni wakati bastola inatoka. Hayo mengine ni mapambo."

Kwenye duka la bunduki, mzee Delbert alimpokea kwa tabasamu na mkoba wa waridi wenye mfuko wa siri.

"Akina mama wanaipenda sana hii, Dada Wynelle."

"Mkoba ninauweka chini nikiimba. Nipe ya kiunoni."

"Ya ngozi basi. Imeshonwa kwa mkono."

"Bei yake nayo imeshonwa kwa mkono. Ile nyeusi ya plastiki pale chini, ni ya bastola yangu?"

Delbert akainama kwa kuguna. Ilikuwa ya bastola yake hasa, dola thelathini na tano, haina hata jina la kujivunia. Wynelle akaomba bastola ya mfano isiyo na risasi, akaitumbukiza, ikaingia kwa mlio mdogo. Akageuza juu chini, akatikisa. Haikuanguka. Akavuta, bastola ikatoka peke yake.

"Ila ivae mbele, tumboni," Delbert alimshauri. "Huko nyuma ya nyonga, mtu akikukumbatia tu ameigusa."

"Nitaivaa nyuma ya nyonga. Kulia."

"Nimekwambia wataigusa."

"Nimekusikia, Delbert. Ifunge kwenye karatasi niende."

Akaivaa siku zote zilizobaki, akikunja mashuka ya wateja, akiinama, akipanda gari. Mkanda wake wa dukani ulilegea, akautoa mkanda mnene wa marehemu baba yake na kuutoboa matundu mapya. Jumapili akavaa sketi ndefu ya jinzi na koti la bluu, akaketi benchi la tatu kushoto, Ardith pembeni yake. Akina mama waliokuja kumkumbatia aliwapa bega la kushoto. Hofu alikuwa nayo, lakini hakuinuka.

Mchungaji Coy akasema tugeuke tusalimiane. Royce akaja katikati ya kanisa, shati jeupe, Biblia mpya, akikumbatia kila mtu njiani. Kanisa zima likawa linamtazama kwa machozi ya furaha. Akasimama kwenye benchi la tatu, akafungua mikono.

"Nelle," alisema kwa sauti ya kusikika, "nimekusamehe."

Eti amemsamehe. Wynelle alisimama, mikono yake ikabaki chini. Royce akamkumbatia hivyo hivyo, na mkono wake ukateremka mahali pake pa zamani, nyuma ya nyonga ya kulia, vidole vikajiandaa kufinya. Vikakuta plastiki ngumu. Mkono ukaruka.

Alirudi nyuma hatua nzima, uso umepauka. "Una nini hapo?" alinong'ona.

Wynelle hakunong'ona. Taya lililovunjwa lilipona vizuri, na sauti yake ilifika mpaka benchi la nyuma.

"Na mkono wako ulikuwa unatafuta nini hapo, Royce?"

Kinanda kikanyamaza. Royce akatazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta wa kumjibia. Wale akina mama walioshauri Wynelle apumzike nyumbani waliutazama ule mkono wake uliokuwa bado umening'inia hewani, na mmoja baada ya mwingine wakaelewa. Hakuna aliyemsogelea kumkumbatia tena.

"Wewe ndiye mgeni," Wynelle alimwambia. "Mlango ni ule ule."

Akaketi mahali pa mama yake, akafungua kitabu cha nyimbo. Nyuma yake alisikia viatu vikienda, mlango ukifunguliwa, gari likiwashwa.

"Wifi," Ardith alimnong'oneza, "si tulisema isiguswe?"

"Isiguswe na nyinyi," alisema Wynelle, akaanza kuimba kabla ya kinanda.