Wimbo wa Iftin

Hani alivaa karatasi za mkate mikononi, akazikaza kwa mpira, akainama kuokota pamba zenye damu chini ya vitanda vya wodi ya kujifungulia. Glavu zilikwisha katika zahanati ile ya kambi ya wakimbizi ya Ifo tangu kabla ya Ramadhani. Za madaktari zilikuwepo. Za wasafishaji ndizo zilizokwisha.

Msafishaji mwenzake, Iftin, alichomwa na sindano iliyotupwa ndani ya ndoo ya takataka. Miezi mitatu baadaye macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji. Alipokufa alimwachia mumewe, Khalif, mkalimani wa zahanati, watoto wanne.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wasafishaji wote waliweka fagio chini. Marehemu baba yake Hani aliwahi kuongoza nyimbo za chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha sukari kule Somalia. Hani naye akatunga buraanbur, utenzi wa wanawake, juu ya Iftin, na wenzake wakampigia makofi langoni kutwa nzima.

Meneja wa zahanati akamwita Hani, Khalif akiwepo kutafsiri.

"Mwambie hapa hakuna mgomo," meneja alisema. "Anayegoma ni mfanyakazi. Hawa ni wakimbizi wanaojitolea. Tunawapa posho ya motisha, si mshahara."

"Mimi nasikia Kiswahili," Hani alisema. "Sakafu hii, nani naosha?"

"Mnajitolea kuiosha."

"Na Iftin? Yeye najitolea kufa?"

Khalif aliinamisha kichwa.

"Alhamisi wafadhili wanakuja kutoka Nairobi," meneja aliendelea. "Waimbieni, muwakaribishe. Habari ya glavu zenu tutaiangalia baadaye."

Walipotoka, Hani alimgeukia Khalif, akamwambia kwa Kisomali. "Nitaimba ule ule wa Iftin. Utawaambia wimbo unavyosema?"

"Nitawaambia, walaal, dada yangu," Khalif alijibu. "Wallahi nitawaambia."

Alhamisi, chini ya hema, Hani aliimba kwa Kisomali, bila ngoma:

Iftin, ulifuta damu za watu kwa mikono mitupu,
wakakuita wa kujitolea mpaka kaburini.
Sisi ni wafanyakazi. Tuhesabuni tungali hai.

Aliponyamaza, mama mmoja mgeni aliuliza, "Anasema nini?"

Meneja alikuwa nyuma ya Khalif, mkono begani mwake, kama rafiki.

"Anasema karibuni sana," Khalif alisema kwa Kiswahili. "Anawashukuru kwa msaada. Anasema kulikuwa na mama mmoja hapa, Iftin, aliyejitolea kwa moyo wote."

Hani alifungua kinywa. Kiswahili alichokuwa nacho kilitosha. Maneno mawili tu yangetosha. Khalif alimtazama. Shati lake lilikuwa limevaliwa bila kupigwa pasi, kifungo kimoja kikiwa katika tundu lisilo lake, na jioni ile watoto wanne wangemngojea awaletee chochote alichopata kwa kazi hii. Hani akafunga kinywa.

Yule mgeni alikuwa akifuta machozi. "Imenigusa kweli. Mwambie arudie, nimrekodi."

"Hani," Khalif alisema kwa Kisomali. "Wanataka uimbe tena."

Nyuma ya Hani wasafishaji wenzake, ambao hawakujua Kiswahili, waliyaona machozi ya mgeni. Wakatazamana, wakatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wamesikia, mmoja alinong'ona, alhamdulillahi, wamesikia. Wakaanza kupiga makofi, ili Hani aanze tena.