Kivuti wa Mironjo

Kule Kibugu hata mbwa walimjua Kivuti. Alipopanda mironjo yake, ile miti miwili mirefu kuliko mlango wa nyumba, ngozi ya mbega ikipepea mgongoni, wanawake waliacha vyungu motoni wakaja mbio. Tangu ana miaka kumi na miwili alicheza mbele ya Bwana Disii, mzungu mkuu wa wilaya, kule Embu, akacheza Meru mjini karibu na soko la Gakoromone, akatolewa picha gazetini. Chini ya picha waliandika: mvulana wa ajabu. Wakati huo neno mvulana halikumkera mtu.

Mironjo ilikuwa mchezo wa wavulana. Ukishatahiriwa unaiacha; mwanamume hachezi juu ya vijiti. Na miaka ile ya Hali ya Hatari hakuna aliyetahiriwa bila kibali cha chifu, maana serikali ya kikoloni iliogopa kila mkusanyiko, hata wa vijana wanaotetemeka kwa baridi mtoni wakingoja kisu. Basi kila Agosti Wanjira, mamake Kivuti, alikwenda kwa Chifu Mbaka kuomba kibali, na kila Agosti akarudi na ratili ya sukari.

"Mama Kivuti, haraka ya nini?" chifu alimwambia. "Disii anakuja Desemba. Huyu kijana ndiye sifa ya lokesheni yetu. Ngoja mwaka ujao."

Wanjira aliichukua sukari. Tusimlaumu sana, mumewe Njuki alikuwa kizuizini, na ndani ya kijiji kile walichohamishiwa kwa nguvu, kilichozungushiwa handaki na miba, sukari haikuwa kitu cha kukataa. Lakini tumlaumu kidogo, kwa sababu naye alipenda kuitwa mama wa Kivuti.

Kivuti akafika miaka kumi na minane. Wenzake walikuwa wanaume, wawili wameshaoa. Walimshangilia uwanjani hadi wakakaukwa na sauti, kisha wakaenda kuketi kwao, naye akiwafuata wanamwambia, tena kwa upole, "Wewe kihii, nenda ukacheze na wenzako." Kihii ni yule asiyetahiriwa, na kwa mtu mwenye ndevu hakuna tusi linalochoma zaidi. Alilia peke yake migombani, akanawa uso, akaenda kucheza. Palikuwa na wageni.

Mwaka huo zilikuja habari mbili kwa mpigo. Njuki amefia kizuizini. Na mashamba yanapimwa: kila mtu aonyeshe mpaka wake mbele ya kamati, asiyeonyesha amekosa.

Kivuti aliujua mpaka wa baba yake. Miti mitatu ya miringa, jiwe jeupe, kisha kijito; Njuki alimtembeza hapo kwa mkono kabla askari hawajamchukua. Lakini baba yake mdogo, Kithaka, aliyekuwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, alisimama mbele ya kamati akasema shamba lote ni lake, na kwamba marehemu kaka yake alikuwa ameazimwa tu.

Kivuti akainuka. "Baba mdogo anasema uwongo! Twendeni niwaonyeshe miringa."

"Nani amepatia kihii ruhusa ya kusema?" Kithaka aliuliza, bila hata kumtazama.

Wazee wakainamisha vichwa. Mpaka huapiwa na mwanamume, na Kivuti alilijua hilo kama wao.

"Mzee chifu," alisema, "ni wewe uliniambia ningoje. Miaka minne. Waambie basi."

Chifu Mbaka alitoa lile tabasamu lake la uwanjani. "Kivuti wetu! Kwa mironjo hakuna kama wewe. Lakini hii ni maneno ya wanaume. Kaa chini na mama."

Watu wakacheka, wakacheka kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomuumiza. Siku zote zile walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Shamba likaandikwa jina la Kithaka.

Siku ya tatu Disii alikuja kufunga kazi ya upimaji, na Kivuti akaitwa kucheza. Alikwenda. Angekwenda wapi? Kutoka kule juu aliona mapaa yote, handaki, na ng'ambo yake shamba la baba yake, na watu wa Kithaka wakikata muringa wa kwanza. Chini walikuwa wakiimba jina lake. Alicheza kwa hasira, mironjo ikichimba ardhi, na waliokuwepo husema mpaka leo kwamba hawajaona mchezo mtamu kama ule. Wanjira peke yake ndiye aliyejifunika uso kwa leso.

Kibali cha tohara kilikuja wiki iliyofuata, bila kuombwa. Chifu alikuwa amepata mvulana mwingine, wa miaka kumi, mwepesi zaidi. Kivuti akasimama mtoni pamoja na watoto waliomfika kifuani, kisu kikapita, hakupepesa jicho. Akawa mwanamume kamili, mwenye ruhusa ya kusema barazani, na hana tena shamba la kulisemea.