Birika Lililodai Mkono Wake

Usiku wa jana niliota nimeketi barazani kwangu nakunywa chai, na birika likakohoa.

Lilikuwa birika letu la nyumbani, lile lililopata weusi chini kwa mkaa. Limekaa kwenye kiti cha mgeni, kifuniko kimelala vizuri, ila halina mkono.

"Samahani, Baba Saumu," likasema. "Nimefuata mkono wangu."

Nikauliza mkono upi. Likanielekezea mdomo wake kwenye mkono wangu wa kulia.

Sikushangaa sana. Tangu nipate kiharusi mkono huo umejikunja kiwikoni, umekuja kifuani, na ngumi imefungwa. Ukinitazama ubavuni, kweli ni mkono wa birika. Na hilo ndilo jina nililopewa na shemeji zangu zamani, nikiwa mzima kabisa, kwa sababu sukari ya chai nyumbani kwangu naigawa mwenyewe.

"Huu nimezaliwa nao," nikasema.

"Uliozaliwa nao ulikuwa unanyooka. Huu haunyooki. Mji mzima unasema ni wa birika, na birika ni mimi."

Nikaliomba linivumilie hadi Ijumaa ipite. Ijumaa, baada ya swala, namwoza binti yangu Saumu. Kwetu baba humshika bwana harusi mkono, kulia kwa kulia, ndipo hutamka maneno ya kumwoza. Kaka yangu Shekue ameshajitolea kushika kwa niaba yangu, na inaruhusiwa. Sitaki. Nilipotoka hospitali, Saumu ndiye aliyekuwa akininywesha uji kwa kijiko na kunifuta kidevu. Nataka kumtoa kwa mkono wangu mwenyewe, na naogopa sana kwamba sitaweza.

Birika likafikiri. Mvuke kidogo ukatoka.

"Basi ufungue sasa hivi," likasema. "Mkono wangu haufunguki. Ukifunguka, nitajua ni wako."

Nikavikamata vidole kwa mkono wa kushoto nikavuta kwa nguvu zote.

"Nani huyo?" ngumi ikauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Kisha nikasikia komeo linafungwa kwa ndani.

"Umeanza tena, baba," akasema Tumsifu. Huyu ni dada mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayekuja nyumbani kuunyoosha mkono wangu. Kila siku hunikanya vilevile: mkono haulazimishwi, unapigiwa hodi, na hodi inaanzia begani. Mimi nilidhani ni maneno tu ya kunibembeleza.

Sasa baraza haipo. Tumesimama kwenye korido ndefu ya nyumba ya kupanga. Mlango wa kwanza umeandikwa BEGA kwa chaki.

"Hodi," nasema.

Anafungua mtu mnene, kabeba gunia hadi limemgusa sikio.

"Umebeba nini?" namuuliza.

"Wasiwasi wako wa Ijumaa. Niruhusu niutue."

Navuta pumzi, naitoa polepole kama nilivyofundishwa. Gunia linashuka. Ndani mna mchele.

Mlango wa pili ni KIWIKO, na kiwiko chenyewe ni bawaba iliyoshika kutu. "Usinivute," inasema kabla sijafungua mdomo. "Nilaze mezani, unitelezeshe kwenye kitambaa."

Meza ikapatikana. Ilikuwa meza ya harusi, imejaa watu na biriani. Nikatelezesha kitambaa katikati ya sahani, mbele na nyuma. Hakuna aliyenung'unika. Mmoja alisogeza kachumbari yake ili nipite. Mwisho wa meza amekaa Idrisa, mkwe wangu mtarajiwa, amenyoosha mkono wa kulia. Ndevu zimemwota mvi kwa kungoja.

"Usijali, baba," akasema. "Nipo."

Kifundo cha mkono hakikuitikia hodi mpaka nilipokiinamisha kidogo kwa adabu. Halafu nikafika mlango wa mwisho.

"Hodi," nikasema.

Birika limesimama nyuma yangu, linachungulia.

"Hodi wenyewe," nikarudia.

"Karibu," ngumi ikasema. "Ngoja gumba atoke kwanza, ndiye anayetuzibia njia."

Kidole gumba kikatoka, kikanyoosha mgongo. Wenzake wakafuata.

"Mbona siku zote ulikuwa hupigi hodi?" ngumi ikaniuliza. "Unavuta tu. Sisi tulidhani ni mwizi."

Nikaona haya, na papo hapo nikafurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Ndani mlikuwa na chumba kidogo, kisafi, chenye joto. Katikati ya sakafu palikuwa na skrubu.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inashika mkono wangu," birika likasema. "Nishikie mpaka asubuhi. Mimi sina pa kushikia."

Nikaishika.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mke wangu alikuwa anafoka jikoni.

"Jamani, nani kaligusa hili birika? Mkono umechomoka, nimeponea chupuchupu kuungua!"

Ngumi yangu ilikuwa imefungwa kama kawaida. Ila ndani yake mlikuwa na kitu kidogo, kigumu.

"Mama Saumu, njoo," nikaita. "Kinga kiganja."

"Nikinge nini tena, asubuhi yote hii?"

"Wewe kinga."

Nikatoa pumzi, bega likashuka. Nikatelezesha kiwiko juu ya shuka, polepole. Nikainamisha kifundo.

"Hodi," nikasema.

"Unampigia nani hodi, Baba Saumu? Uko chumbani kwako."

Kidole gumba kikatoka kwanza. Vingine vikafuata, shingo upande. Skrubu ya birika ikaanguka kiganjani mwake.

Hakuuliza imefikaje. Aliutazama mkono wangu ulivyo wazi, akahamishia skrubu kushoto, akaniwekea mkono wake wa kulia. Nikaushika. Nguvu zilikuwa haba, lakini niliushika.

"Nakuoza binti yangu Saumu..." nikaanza kujaribu maneno.

"Yaweke hadi Ijumaa," akasema, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mimi nishaolewa zamani, tena na mkono wa birika."