Nilisema Ni Mgongo

...juu kidogo, nasema, hapo kwa mgongo, na mkono wa huyu msichana unapanda juu kidogo kwa sababu unaniamini, unabonyeza, "Hapa, mama?", hapana, "Na hapa?", hapana, nimelala ubavu kwenye kitanda chake chembamba, uso umeangalia ukuta, sketi imelegezwa kiunoni na shuka ya kliniki juu yake, na palipo napajua, nimepajua miaka yote hii kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani, lakini mdomo unasema mgongo, umezoea, kwa duka la dawa pale Kayole ulisema mgongo nikapewa vidonge, kwa daktari ukasema mgongo nikapigwa picha ya mgongo na mgongo ukaonekana safi, kwa Patrobas mume wangu ukasema mgongo akaninunulia mshipi mpana wa kujibana, akawa ananifunga mwenyewe asubuhi kabla hajaenda kazini, maskini, anakaza kwa nguvu zake zote mahali pasipouma... "Mama Asenath? Ni chini zaidi?" Huyu Mirriam, mtaalamu wa viungo, ni rika la kifungua mimba wangu, binti kama huyu nimwambieje kwamba ni pale, pale penyewe, katikati ya makalio, lakini anangoja, mkono umetulia, na mimi nimechoka, nimechoka jamani, nasema shuka, shuka tena, hapo, na hapo panawaka mpaka kwenye meno. "Pole, mama. Basi huu si mgongo, ni kifandugu." Sijui ni nini, naye anasema ndilo neno walilofundishwa Mombasa alikosomea, ni ule mfupa wa mwisho kabisa, mkia ungeanzia hapo kama tungekuwa na mkia, anacheka kidogo ili na mimi nicheke, sicheki, kwa sababu mimi nimesikia kufa na nimesikia ndugu, na Kweyu mdogo wangu amelala Bungoma chini ya udongo ambao haujaota hata nyasi... "Uliwahi kuanguka?" Niliwahi, nasema, kwa ngazi, nikipandisha mtungi wa maji wakati mifereji ya ploti tunayopanga ilikuwa imekauka, mtu alikuwa amemwaga mbele yangu, mguu ukaenda, nikakaa chini kwa kishindo, na majirani wakatoka kwa milango wakacheka, hawakuwa wabaya, mtu akianguka kwa magoti hupewa pole, akianguka kwa makalio huchekwa, hata mimi nikacheka, nikainuka nikajipangusa nikarudi kuteka maji mengine, na usiku huo Patrobas akiniuliza mbona unalala kifudifudi nikasema, mgongo, ndipo lilipoanza, neno moja tu la heshima... "Vuta pumzi, mama, usiizuie kifuani, ipeleke chini, chini, mpaka tumboni, halafu uiachilie polepole," navuta, inakwama, anasema mfupa wenyewe huenda ulipona zamani, lakini nyama zinazouzunguka zilijifunza kujikaza siku ile na hazijaachilia mpaka leo, na kwa kuwa nimekuwa nikikalia upande mmoja kama mtu anayetaka kutoroka, kiuno nacho kikaanza kuuma kwa haki yake, kumbe, kumbe hata mgongo haukuwa uongo mtupu... upande mmoja kanisani, upande mmoja kwa harusi, na baadaye hata huo upande mmoja ukashindikana nikaacha kukaa kabisa, kazini haikuonekana kwa sababu kiwanda chetu cha mishumaa kule Industrial Area kazi yote ni ya kusimama, na nyumbani nikila nimesimama watu husema mama ana haraka, mama hapumziki, wakanisifu, Mungu wangu, wakanisifu... na Kweyu akaja. Alikuja na kuku aliyefungwa miguu na unga wa wimbi, amevaa koti lake la kanisani, alikuwa amekuja kukaa wiki nzima, aliniambia kwa simu, dada nataka nikae na wewe wiki nzima tuongee mpaka tuchoke, nikamkalisha kwenye kochi, nikamletea chai, nikasimama. Yeye anaongea mimi nimesimama kando ya meza, nimeshika mgongo wa kiti, ananieleza habari za ng'ombe, za watoto, za Everline mke wake aliyeanza kuuza samaki, nasikia nusu kwa sababu siku hiyo palikuwa pabaya, panachoma, nahesabu tu lini nitaingia chumbani nijilaze, akasema, "Dada, kaa basi," nikasema niko sawa, akasema, "Kaa kidogo tu, nimetoka mbali," nikasema hapa niko sawa, wewe kunywa chai, na nikaangalia mlango wa chumbani, niliuangalia, na yeye akayafuata macho yangu akaona mlango, ila hakujua ni mlango gani naangalia, maana nyumba yetu milango miwili imepakana, wa chumbani na wa kutokea... "Unakaza tena, mama. Hapa, unasikia ulivyokaza?" Nasikia. Akamaliza chai. Akasema kuna rafiki yake Umoja aliyemwahidi kulala kwake, hakuwa na rafiki yeyote Umoja, nikajua hana, na sikumzuia, ninachokumbuka ni kwamba nilishukuru, mlango ulipofungwa nilijilaza kifudifudi pale sakafuni na kuku akinitazama, nikashukuru, nikasema kesho nitampigia, na kesho yake akapiga yeye, yuko kwa basi anarudi, sauti yake nzuri tu, haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa na hasira, "Usijali, dada, naona mko na shughuli nyingi Nairobi"... halafu mvua, halafu homa ya mapafu, halafu simu ya Everline. Nilienda, sikukosa mazishi, nilipiga magoti kwenye kiti cha basi nimeangalia nyuma kama mtoto mpaka abiria wa nyuma akaniuliza mama unamtafuta nani, na kule matanga Everline akaja pale nilipokuwa, nje ya hema, wenzangu wote wamekaa, akanitazama, hakulia, akasema, "Alisema hukukaa. Alirudi akasema, dada yangu hakukaa hata kidogo," na mimi nikiwa nimesimama mbele yake, nimesimama hata siku hiyo, nikasema... nilisema mgongo. Akaitikia tu kwa kichwa. Nani haumwi mgongo. "...mto wa sponji," Mirriam anasema, nimekosa mwanzo, "hata fundi wa makochi anaweza kukukatia, mradi upande wa nyuma uwe na nafasi, ule mfupa usiguse kitu, na ukitaka kuinuka uiname mbele kwanza, na usikae sana bila kutembea, na maji ya moto jioni, na hii pumzi kila siku, haitaisha leo, mama, lakini itapungua," sponji, anasema sponji, mafundi wa makochi wamejaa Spine Road, napita mbele yao kila asubuhi, kipande cha sponji chenye nafasi nyuma na Kweyu angelala kwangu, angelala wiki nzima, tungeongea mpaka tuchoke, au hata bila sponji, neno tu, ningesema neno tu, Kweyu, niliangukia makalio, siwezi kukaa, angecheka, najua angecheka, angecheka mpaka chai imwagike, kisha angelala chini sakafuni kando yangu na koti lake la kanisani tuongee tukiwa tumelala kama tulipokuwa wadogo... "Toa yote. Usiibanie." Natoa, na kitu huko chini, sijui ni nyama au ni nini, kinalegea kidogo, kama fundo linalofikiria kufunguka, maumivu yapo, yapo palepale, na machozi yanatoka kwa jicho moja yanaingia kwa lingine kwa sababu nimelala ubavu, na mkono wa Mirriam unasimama, "Nimekuumiza?" Hapana. "Niache kidogo?" Hapana, usiache, nasema, na mdomo unafunguka kusema mgongo, unalitafuta lile neno lake, halipo, ukuta uko palepale, shuka iko palepale, nasema, "Kuna mdogo wangu alikuja kunitembelea," na Mirriam haniambii nivute pumzi, anavuta stuli, namsikia anakaa, anasema, "Ehe?"