Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Mama Pasi aliamka na hasira siku ya mahojiano, na anayetaka kumlaumu kwanza akae miaka sita kwenye foleni kama alivyokaa yeye. Miaka sita aliomba uraia wa nchi ya mumewe, na miaka sita faili lake likawa linahama meza hadi meza. Mara picha si za ukubwa unaotakiwa, zirudiwe. Mara mhuri wa cheti cha ndoa umefifia. Mara afisa aliyekuwa na faili kahamishwa na mwenzake hajui aliliweka wapi, mama, hebu pitia mwezi ujao. Sasa walikuwa wamemwita kwenye mahojiano pamoja na mumewe, na barua ilisema haya ndiyo ya mwisho.

Jina hilo la Mama Pasi alipewa kazini, kwenye dobi kubwa alikosimama kutwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Mumewe kila mtu alimwita Fundi, hata yeye mkewe, kwa sababu alikuwa fundi rangi, tena si wa kubahatisha. Ukuta aliopaka Fundi ulikuwa huoni brashi ilianzia wapi wala iliishia wapi. Watu wenye nyumba zao walimsubiri mpaka apate nafasi.

Na kilichomkosesha Mama Pasi usingizi si karatasi zenyewe, bali binti yake. Alimzaa kabla hajaolewa na Fundi, akamwacha kwao, ng'ambo ya mpaka, kwa mama yake mdogo, akiamini ni miezi michache tu. Sheria ilisema mama akishakuwa raia, mtoto anaingia kwenye karatasi zake, mradi hajatimiza miaka kumi na minane. Binti alikuwa amebakiza wiki tano. Zikipita, anahesabiwa mtu mzima, aombe mwenyewe, aanze mstari nyuma kabisa. Na mama mtu hakuweza hata kwenda kumwona, maana mwombaji akivuka mpaka ombi lake linafutwa. Mtoto alivunja ungo, akafaulu mitihani, akafiwa na rafiki yake, yote hayo mama anayasikia kwenye simu.

Wiki mbili kabla ya mahojiano, Mama Pasi alibandika karatasi ya maswali ya uraia ukutani mbele ya meza yake ya pasi. Akawa anakariri huku mvuke unampiga usoni: idadi ya wabunge, mwaka wa katiba, kazi za spika. Jioni moja akamuuliza Fundi wabunge ni wangapi. Fundi akakosea kwa mia nzima, akacheka, akasema yeye kazaliwa hapa, ana haja gani ya kuwahesabu. Alicheka peke yake. Mkewe alimkata jicho, akaendelea kukunja nguo, maana mdomo wake ungefunguka wakati ule, wasingelala nyumba moja.

Wenzake wa kazini walimwambia maswali ya katiba ni mepesi. Shughuli iko kwenye ya ndoa: mnatenganishwa, kila mmoja chumba chake, mnaulizwa yale yale, kisha wanalinganisha. Anayekunywa chai bila sukari ni nani. Nani analala upande wa ukutani. Basi Mama Pasi akamkalisha Fundi kwenye kiti ili wajiandae, na Fundi akafanya mzaha, akasema atawaambia mkewe anakoroma kwa lafudhi ya kigeni. Hapo Mama Pasi akaweka pasi chini.

"Fundi, hatukariri kitu," alisema. "Tutasema kweli tupu. Sisi ni mke na mume, tuna nini cha kutunga?"

Fundi akakubali. Akaapa kabisa.

Siku ya siku ikafika. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, na feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha. Watu walishika namba zao mkononi, kimya. Fundi yeye alikuwa akipitisha kidole ukutani na kunong'ona kwamba waliopaka hapa hawakupiga msasa, wamefunika uchafu kwa rangi. Mama Pasi akamwambia akae chini aache kukagua kuta za watu.

Afisa aliyemhoji alikuwa kijana wa miwani, shikamoo yake ya heshima, sauti haipandi haishuki. Maswali ya katiba Mama Pasi aliyajibu kabla hayajaisha. Kisha yakaja yale mengine. Mumeo anavaa nini akilala? Mara ya mwisho mligombana lini, na juu ya nini? Mama Pasi alijibu huku meno yameumana. Kijana wa kumzaa, anamuuliza habari za kitandani kwake na kuandika taratibu kwa kalamu ya buluu! Alijisemea moyoni, wiki tano, mama, wiki tano, akameza.

"Ukuta wa nyuma ya kitanda chenu una rangi gani?"

Hapo Mama Pasi akacheka, kicheko cha kwanza siku hiyo. Akamweleza afisa kwamba ukuta ule hauna rangi moja. Mumewe huchanganyia rangi za wateja nyumbani, na kabla hajazipeleka kazini huzijaribu pale nyuma ya kitanda, azione kwa mwanga wa dirisha na kwa mwanga wa taa. Kiraka juu ya kiraka, tangu walipohamia. Amemwomba aupake mpaka amechoka, jibu ni kesho. Afisa akaandika mistari mingi.

Fundi alihojiwa baada yake. Kisha wakaitwa wote wawili wakae mbele ya meza moja. Afisa alisema majibu yao yanalingana, mpaka chai, mpaka ugomvi wa mwisho, isipokuwa jibu moja. Mume amesema ukuta wa chumbani ni krimu, wote, na ulipakwa mwaka jana.

Mama Pasi akageuka kumtazama mumewe. Fundi alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Mwambie, Fundi."

Fundi akasafisha koo. "Kijana wangu," alisema, "mimi ndiye niliyepaka nyumba ya mkuu wako hapa. Ananijua. Ningesemaje mbele yako kwamba mimi na mke wangu tunalala kwenye madoa?"

Afisa hakucheka. Alisema angejibu hivyo mwanzo, faili lingegongwa mhuri leo leo na mama angeondoka na barua yake. Sasa kuna majibu mawili, na utaratibu unataka nyumba ikaguliwe. Atakuja mwenyewe, watajulishwa siku. Mama Pasi akamwambia juu ya binti na zile wiki tano. Afisa akasema ameona kwenye faili, ataandika neno "HARAKA" juu ya jalada. Akaliandika, tena kwa herufi kubwa. Kama kuna faili pale ambalo halikuandikwa "HARAKA", basi lilikuwa la mtu aliyekwisha kufa.

Njiani Fundi aliomba radhi mara tatu, na mara ya nne akasema hakuna lililoharibika, ataupaka jioni hii hii, afisa akija akute krimu kama ilivyosemwa. Mama Pasi alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita huku na huku. Alimuuliza kama akili zake ziko timamu. Akiupaka ule ukuta, mwongo atakuwa nani? Si atakuwa yeye, mwombaji? Usiuguse, alimwambia, hata kwa kidole, hata kwa kitambaa cha maji. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Basi Mama Pasi, aliyeuchukia ukuta ule miaka sita, akawa mlinzi wake. Kila akirudi kazini anaingia chumbani kwanza kuangalia. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili. Alipiga simu ofisini mpaka sauti yake ikajulikana. Wiki ya tatu ikaja taarifa: mkaguzi anakuja kesho saa nne asubuhi. Siku hiyo alipiga pasi mashuka mia na ushee bila kuhisi mgongo.

Aliporudi, harufu ya rangi ilimpokea mlangoni.

Hakutaka kuamini mpaka alipouona. Ukuta wote ulikuwa krimu, umetulia, hauna doa wala mstari, pembe zimenyooka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuona Fundi akifanya, na uzuri wake ndio uliomwasha zaidi. Fundi alisimama na brashi mkononi, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Alivumilia wiki tatu, alisema. Lakini mtu wa serikali kuingia chumbani mwa fundi, aone vile, kisha aende akahadithie ofisini? Nimeshindwa, mke wangu, nisamehe, nimeshindwa.

Mama Pasi hakupiga kelele. Kelele alikuwa ameziandaa maisha yake yote, na zilipohitajika hazikutoka.

"Miaka sita nimekuomba," alisema. "Kumbe ni kazi ya siku moja. Na hata hiyo siku moja hukunifanyia mimi."

Akachukua mto, akaenda kulala sebuleni.

Asubuhi afisa alifika na jalada lake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaingia chumbani, akasimama, akanusa. Fundi akaanza kusema kwamba mwaka jana, mnamo mwezi wa tatu hivi. Afisa akanyoosha kidole akagusa ukuta, kikatoka na krimu. Alikitazama kile kidole muda mrefu.

Mama Pasi alitoka, akaenda kwenye mfuko wa vifaa vya mumewe, akarudi na bapa la kukwangulia rangi. Alikivuta kitanda kwa mkono mmoja. Akaliweka bapa ukutani, akakwangua, na ile rangi ya mafuta mbichi ikabanduka kwa vipande vinene vikaanguka sakafuni. Chini yake kukatokea samawati.

"Hii ilikuwa ya zahanati," alimwambia afisa.

"Ya shule," Fundi alisema, kabla hajajizuia.

"Ya zahanati, Fundi. Shule walikataa wakataka rangi ya udongo. Ulinuna siku mbili."

"Sikununa, nilikuwa na mafua."

"Ulinuna. Ulikula umenipa mgongo."

Aliendelea kukwangua. Samawati nayo ikabanduka, na chini yake kukawa na kijani kizito, kiraka kikubwa kuliko vingine. Mkono wa Mama Pasi ukasimama.

"Na hii unaikumbuka?" Sasa alikuwa hazungumzi na afisa tena. "Siku hii niliingia humu na barua ya kwanza, ile ya kunikatalia. Nilikaa pale kitandani nalia. Wewe ukapaka hiki kijani, ukarudi nyuma hatua mbili, ukaniuliza mimi naonaje, kimezidi giza au hakikuzidi? Mtoto wangu nimenyimwa, Fundi, na wewe unaniuliza kijani!"

Fundi aliinama akaokota kipande cha rangi. "Sikujua niseme nini," alisema. "Nilitaka tu useme neno. Lolote."

"Ungenyamaza!"

Alitupa bapa chini na sasa machozi yalimtoka kweli, ya hasira, wala hakuyafuta. Afisa alikuwa ameacha kuandika zamani. Alifuta kidole chake kwa karatasi, akafungua jalada, akaandika akiwa amesimama vile vile, kisha akamwonyesha Mama Pasi mstari alioandika: ndoa hii ni ya kweli, wanaishi pamoja. Alisema kwa upande wake imekwisha. Kilichobaki ni saini ya mkuu, na mkuu yuko safarini, akirudi tu atalisukuma mwenyewe. Alionekana mtu anayesema kweli. Mama Pasi hakumshukuru, maana hakuona cha kumshukuru mtu aliyengoja mpaka mke amtukane mumewe mbele yake ndipo aamini wameoana.

Mkuu alichelewa safarini. Siku ya binti ikafika, Alhamisi, ikapita. Kwenye simu binti alimwambia, usijali mama, kwa sauti ya mtu mzima anayempoza mtoto, na hilo ndilo lililomkata Mama Pasi maini. Barua ilikuja Jumatano iliyofuata. Tunakupongeza, ndivyo ilivyoanza. Aliisomea kule ofisini, dirishani, akamuuliza dada wa dirishani habari za kumwandikisha mwanawe, na dada yule akatazama tarehe ya kuzaliwa akatikisa kichwa. Siku sita tu, mama. Ungewahi kidogo. Sasa aombe mwenyewe.

Fundi alipoambiwa, alikaa kwenye ndoo ya rangi akalia, mabega yote. Alisema ataenda kwa mkuu mwenyewe, ataeleza kuwa kosa ni lake, mtoto asiadhibiwe. Mama Pasi akamwambia aende. Akaenda. Walimsikiliza, wakamwambia sheria haina mahali pa kuandika hivyo.

Lakini raia huvuka mpaka na kurudi bila kumwomba mtu ruhusa, na hilo halikuhitaji umri wa mtoto. Pasipoti ilipotoka, Mama Pasi aliomba likizo kazini, wakamnyima, akaondoka hivyo hivyo. Alifungasha sanduku moja. Ukuta ulikuwa bado nusu krimu nusu umechunwa, na Fundi hakuthubutu kuugusa wala kuuliza aufanye nini.

Alimbebea sanduku mpaka mlangoni, akaung'ang'ania mpini wake.

"Majirani wakiniuliza unarudi lini," alisema, "niwajibu nini?"

Mama Pasi alilivuta sanduku lake kutoka mkononi mwake.

"Wajibu unavyotaka, Fundi," alisema. "Si ndivyo ulivyozoea."

Akashuka ngazi, na hakuharakisha.